Biashara ya nje au taasisi? Regresheni yangu inanipa majibu mawili

Kigeu_Tegemezi

Wakuu, habari za jioni. Naandika tasnifu ya uzamili ya uchumi na nimekwama sura ya nne. Swali langu ni la siku zote: kwa nini nchi moja ina pato kubwa kwa kila mtu na nyingine dogo, na je, kinachoeleza zaidi ni kufanya biashara na dunia au ubora wa taasisi, yaani sheria na taratibu zinazoongoza nchi?

Nilichofanya ni regresheni, yaani hesabu ya kuona kigeu kimoja kinaendaje na vingine. Upande wa kushoto nimeweka logi ya pato kwa kila mtu. Upande wa kulia nikaanza na biashara peke yake, yaani mauzo ya nje jumlisha uagizaji, gawanya kwa pato la taifa. Ikatoka safi kabisa, chanya, nyota tatu, yaani si rahisi iwe bahati tu. Kisha nikaongeza kipimo cha utawala wa sheria, kile cha Benki ya Dunia. Taasisi zikabeba nyota zote, na biashara ikageuka hasi. Ingekuwa sifuri ningevumilia, lakini hasi? Msimamizi wangu kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo biashara inafukarisha?"

Najua Rodrik, Subramanian na Trebbi mwaka 2004 walikutana na kitu kama hiki, wakahitimisha kwamba ukishaweka taasisi, biashara haina la ziada. Je, niwanukuu wao nipite zangu? Kinachonisumbua ni kwamba nchi zote ninazosoma kuwa ziliinuka haraka, Korea Kusini, Mauritius, Vietnam, ziliinuka kwa kuuza nje. Nisaidieni, na kama inawezekana bila matusi.

---

soko_huria

Mkuu, usiitupe biashara mapema hivyo. Soma Frankel na Romer, 1999. Walijua fika kwamba nchi tajiri hufanya biashara zaidi kwa sababu tu ni tajiri, kwa hiyo wakatafuta sehemu ya biashara inayotokana na jiografia peke yake: umbali kati ya nchi na nchi, ukubwa wa eneo, idadi ya watu, kama zinapakana, kama zina bahari. Wakapata kwamba biashara ikiongezeka kwa pointi moja ya asilimia ya pato la taifa, pato kwa kila mtu linapanda kati ya nusu asilimia na asilimia 2. Hayo si madogo.

Halafu niambie kuhusu Korea Kusini. Mwaka 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100. Mwaka 1977 yalikuwa dola bilioni 10. Aliyekuwa madarakani miaka yote hiyo ni Park Chung-hee, jenerali aliyeingia kwa mapinduzi mwaka 1961. Taasisi gani ilibadilika hapo katikati? Kilichobadilika ni mauzo.

---

karani_wa_forodha

Nimefanya kazi ya takwimu za forodha mpaka nikastaafu, kwa hiyo mniwie radhi, nitaanzia pale ambapo ninyi wasomi huwa hamwanzii. Hiyo namba ya biashara unayoigawa kwa pato la taifa imetoka wapi?

Imetoka kwenye tamko la forodha. Mwagizaji au wakala wake anajaza: bidhaa gani, msimbo gani wa HS (orodha ya kimataifa ya kupanga bidhaa), uzito gani, thamani gani, imetoka nchi gani. Ofisa anakubali au anafungua mzigo akague. Matamko yakijumlishwa mwisho wa mwezi ndiyo yanakuwa "biashara". Sasa chukua kile nchi moja inachosema imeuza, ulinganishe na kile nchi ya pili inachosema imenunua. Kwa nadharia ni mzigo uleule. Kwa vitabu, haviendani hata siku moja. Sehemu ya pengo ni halali, kwa sababu anayeuza kwa kawaida huandika thamani bila nauli na bima, anayenunua anaandika pamoja navyo. Sehemu nyingine ni kodi iliyokwepwa. Fisman na Wei, mwaka 2004, walichukua mauzo ya Hong Kong kwenda China bidhaa kwa bidhaa, wakaona kila kodi inapopanda kwa pointi moja ya asilimia, kiasi kinachokwepwa kinaongezeka kwa asilimia 3 hivi. Na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale ambapo bidhaa inayofanana nayo ilitozwa kodi ndogo. Maana yake bidhaa ilikuwa inabatizwa jina la jirani yake. Sisi tuliokaa kwenye meza zile hatukuhitaji utafiti kutuambia hilo, lakini ni vizuri umefanyika.

Kwa hiyo kigeu chako cha biashara tayari kina taasisi ndani yake. Ni taasisi iliyokihesabu.

Na kigeu chako cha taasisi kina pato ndani yake. Kile kipimo cha utawala wa sheria kimejengwa kwa maoni ya wataalamu, kampuni na watu waliohojiwa, na kinaanzia mwaka 1996 tu. Mtu akiulizwa kama mikataba inaheshimiwa katika nchi iliyokwisha kutajirika, atajibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Glaeser, La Porta, Lopez-de-Silanes na Shleifer waliligusa hili mwaka 2004: vipimo vingi vya taasisi vinapima matokeo ya serikali iliyopo. Dikteta akiamua kwa hiari yake kutonyang'anya watu mali, naye anapata alama nzuri, ingawa hakuna sheria yoyote iliyomfunga mikono.

Ukiviweka hivi viwili kwenye mstari mmoja vishindane, unashindanisha ndugu wawili wanaovaliana nguo. Dollar na Kraay walilisema mwaka 2003: nchi zenye taasisi nzuri hufanya biashara zaidi, na instrumenti, yaani vigeu vya nje kama jiografia vinavyotumika kuvitenganisha, nazo zinafanana mno. Irwin na Terviö, mwaka 2002, walionyesha kwamba matokeo ya Frankel na Romer unayoyasifu, soko_huria, yanadhoofika ukiongeza tu umbali wa nchi kutoka ikweta.

Alama ya hasi isikutishe sana. Umeweka idadi ya watu? Uwiano wa biashara unapima udogo wa nchi kwa sehemu kubwa. Singapore inafanya biashara inayozidi pato lake zaidi ya mara mbili, Marekani haifiki theluthi ya pato lake. Hakuna anayesema Marekani imejifungia.

Lakini hayo ni ya kiufundi, na msimamizi wako ameuliza swali lenye uzito. Je, biashara inaweza kufukarisha? Ndiyo, inaweza. Inategemea nani amekaa kwenye lango inapopita, na pesa inayobaki pale inampa nguvu nani. Nadhani hilo ndilo swali la tasnifu yako, hata kama hujaliandika hivyo.

Angalia Venice. Karne ya 11 na ya 12 wafanyabiashara wake walitumia mkataba ulioitwa commenda. Mwenye mtaji anabaki mjini. Kijana asiye na kitu anapanda meli na bidhaa, anauza, ananunua nyingine, anarudi. Faida inagawanywa: mara nyingi robo tatu kwa mwenye mtaji, robo kwa aliyesafiri. Hasara ya mtaji ni ya aliyetoa mtaji. Fikiria mkataba huo unadai nini. Mtu anamkabidhi mwenzake mali iende mwezi hadi mwezi mahali asipoweza kumwona, kwa hiyo lazima kuwe na mwandishi wa mikataba anayeaminika, mahakama itakayosikiliza, na uhakika kwamba mtawala hatakwapua kilichorudi. Biashara yenyewe ilikuwa inadai taasisi, na ilizipata. Mwaka 1172 mamlaka ya kiongozi wa mji, doge, yalibanwa na Baraza Kuu likaundwa. Wale vijana wa robo faida walirudi na mtaji wao wenyewe, na familia mpya zikaingia barazani.

Mpaka hapo ungesema biashara huzaa taasisi nzuri, tumemaliza. Subiri. Mwaka 1297 waliokwisha kutajirika kwa biashara ileile walifunga mlango. Kuingia Baraza Kuu kukaanza kuwa kwa waliokuwa tayari ndani na watoto wao, na katika miongo michache ukawa urithi kamili. Baada ya hapo safari za faida kubwa zikawa za merikebu za serikali zilizokodishwa kwa familia za kibwanyenye, na commenda ikatoweka. Puga na Trefler wameieleza habari hii kwa nyaraka zenyewe mwaka 2014. Bahari ilikuwa ileile na bidhaa zilezile. Kwanza biashara iliwapa nguvu wengi, kisha iliwapa wachache nguvu ya kuwazuia wengi.

Acemoglu, Johnson na Robinson, hao waliopewa Nobel mwaka 2024, wana hoja ya aina hiyo kuhusu bahari ya Atlantiki. Uingereza na Uholanzi faida ya Atlantiki ilikwenda kwa wafanyabiashara, wakapata ubavu wa kumdhibiti mfalme. Hispania na Ureno taji lenyewe lilishika biashara, kwa hiyo faida ikamnenepesha mfalme. Bahari moja, matokeo mawili.

Kuhusu biashara inayofukarisha waziwazi, msomee msimamizi wako Nathan Nunn, 2008. Alikusanya kumbukumbu za biashara ya watumwa kutoka Afrika kati ya 1400 na 1900, njia zote nne: Atlantiki, Bahari ya Hindi, Bahari Nyekundu na Sahara. Maeneo yaliyotoa watu wengi zaidi ndiyo yenye pato dogo zaidi leo, na hayakuwa maskini zaidi mwanzoni. Hiyo nayo kwenye vitabu ilikuwa "mauzo ya nje". Aliyekaa langoni alikuwa mwenye bunduki, na kilichovunjika ni kila utaratibu uliomwezesha mtu kumwamini jirani yake.

---

mchumi_mbishi

Karani umeandika kitabu 😂 lakini nimekisoma chote.

Naomba uniambie kuhusu China. Hakuna mahakama huru, chama kimoja, haki miliki za kusuasua. Mageuzi 1978, Shenzhen ikawa eneo maalumu la kiuchumi 1980, kujiunga na Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2001. Uchumi ukapaa kabla hata ya hayo ya WTO. Kama taasisi ndizo kila kitu, mbona kipimo chako cha utawala wa sheria hakikuona?

---

karani_wa_forodha

Sikusema taasisi ni kila kitu, mchumi_mbishi. Nilisema nani yuko langoni.

Kuna jambo watu wanalichanganya hapa na Kigeu_Tegemezi ulizingatie: kiwango cha pato na kasi ya ukuaji ni maswali mawili. Regresheni yako inauliza kwa nini Uswisi iko juu na nchi nyingine iko chini, yaani jumla ya mambo ya karne nyingi. Mchumi_mbishi na soko_huria wanauliza kwa nini nchi fulani iliruka mwaka fulani. Hausmann, Pritchett na Rodrik walihesabu mwaka 2005 miruko zaidi ya 80 tangu miaka ya 1950, ambapo ukuaji ulipanda kwa pointi 2 au zaidi na kudumu angalau miaka minane. Mingi haikutanguliwa na mageuzi makubwa ya taasisi wala ya kisiasa. Kuanza kukimbia kunahitaji kidogo. Shida huja kwenye kuendelea kukimbia bei ya bidhaa yako inapoporomoka au soko linapofungwa.

Na kilichobadilika China mwaka 1978 hakikuwa mahakama, lakini kilikuwa taasisi: mkulima alipewa ruhusa ya kubaki na kinachozidi mgao wa serikali. Serikali za wilaya nazo zikaachiwa sehemu ya faida ya viwanda vyao, kwa hiyo ofisa aliyekuwa na uwezo wa kukukwamisha akawa na sababu ya kukuacha uzalishe. Kipimo cha Benki ya Dunia hakina sanduku la kuweka kitu kama hicho. Hata Korea, soko_huria: Park alikuwa akikaa mwenyewe kwenye vikao vya kila mwezi vya kukuza mauzo ya nje. Kampuni ilipata mikopo nafuu kwa kuonyesha imeuza nje kiasi gani. Ule ni utaratibu wenye masharti na vipimo. Wewe unauita mauzo, mimi nauita taasisi, na wote tunaangalia kitu kimoja.

Mauritius ndiyo naipenda zaidi. James Meade, ambaye baadaye alipata Nobel ya mwaka 1977, aliiandikia kisiwa hicho utabiri wa kukatisha tamaa mapema miaka ya 1960: watu wengi, miwa tu, mbali na kila soko. Mwaka 1970 wakapitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje. Kiwanda kikiwa chini ya sheria ile kinaingiza mashine na malighafi bila ushuru. Nje ya utaratibu ule ushuru ulibaki juu, na viwanda vya zamani vilivyozoea kulindwa viliendelea kulindwa. Mtu wa kitabu angesema nchi hii haijafungua uchumi. Lakini hakuna kundi lililopoteza riziki yake siku ile, kwa hiyo hakuna aliyeamka kuipinga sheria. Ajira mpya za nguo zilikwenda kwa wanawake. Sukari nayo ilikuwa inauzwa Ulaya kwa bei ya uhakika chini ya makubaliano ya Lomé ya mwaka 1975, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na sehemu ya faida ya wenye mashamba ikaingia kwenye viwanda hivyohivyo. Hapo biashara ilipenya kwa sababu siasa ilipangwa ili ipenye.

Linganisha na bodi ya kakao ya Ghana ya mwaka 1947. Kwenye karatasi ilikuwepo kumkinga mkulima na kuyumba kwa bei. Kwa vitendo ilikuwa mnunuzi wa pekee, na bei ya dunia ilipopanda, tofauti ilibaki juu. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kakao nyingi ilikuwa inavushwa kwa magendo kwenda Côte d'Ivoire na Togo. Zao linapendwa duniani kote, na anayelilima anang'oa miti yake au analipitisha vichochoroni.

Na hapo kuna kichekesho cha kitaaluma. Sachs na Warner mwaka 1995 walitengeneza kipimo maarufu cha uwazi wa kibiashara. Rodriguez na Rodrik wakakifungua mwaka 2000 wakakuta nguvu yake karibu yote inatoka sehemu mbili: pengo la bei ya fedha za kigeni kati ya soko rasmi na la magendo, na kama serikali imehodhi mazao ya kuuza nje. Ushuru wenyewe ulichangia kidogo tu. Kilichopimwa kwa jina la biashara huria kilikuwa bodi za mazao na benki kuu.

---

soko_huria

Korea nakupa nusu. Venice sikuijua.

---

Kigeu_Tegemezi

Karani, shikamoo. Nimesoma yote, nimechapisha kabisa. Sasa kivitendo nifanye nini? Nina miezi michache. Rafiki yangu ananiambia nitumie vifo vya walowezi, yaani kiwango cha vifo vya Wazungu waliokwenda makoloni, kama instrumenti ya taasisi, kila mtu anaitumia.

---

karani_wa_forodha

Marahaba.

Vifo vya walowezi vitumie ukijua unachoshika. Sampuli ya Acemoglu, Johnson na Robinson ya mwaka 2001 ina nchi 64, na Albouy mwaka 2012 alionyesha kwamba 36 kati ya hizo hazina takwimu zake zenyewe. Zimeazimwa namba za nchi nyingine. Tena baadhi ni vifo vya askari waliokuwa vitani, nyingine vya askari waliotulia kambini. Wenyewe walijibu, na mjadala haujazimika. Ukizitumia, soma pande zote mbili kabla mtahini hajakuuliza.

Mimi ningeacha kushindanisha. Tafuta mshtuko wa biashara uliotoka nje, kisha uulize uliwafikaje wenye taasisi tofauti. Pascali alifanya hivyo mwaka 2017 kwa meli za mvuke. Meli ya tanga ilitegemea upepo, kwa hiyo mvuke ulifupisha baadhi ya njia sana na nyingine kidogo, na nchi hazikuchagua. Kati ya 1850 na 1905 walionufaika walikuwa wachache, wale ambao mtawala wao alidhibitiwa. Wengi walipata biashara zaidi bila kupata maendeleo.

Kwa data za kisasa kuna njia ya Mfereji wa Suez. Ilifungwa Juni 1967 na kufunguliwa Juni 1975. Meli ya Bombay kwenda London ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakati ya Buenos Aires kwenda London haikuguswa. James Feyrer ameshaonyesha kwamba nchi ambazo njia zake zilirefuka zilipoteza biashara na pato. Wewe ongeza hatua moja: zidisha mshtuko ule kwa kipimo cha udhibiti wa mtawala kutoka data za Polity, zinazozipa nchi alama za mfumo wa utawala, cha mwaka 1966, kabla ya mfereji kufungwa. Hapo taasisi haiwezi kuwa imeathiriwa na kile unachokipima.

---

Kigeu_Tegemezi

Na nchi ambazo 1966 zilikuwa bado koloni?

---

karani_wa_forodha

Zitadondoka, Polity haizipi alama. Mauritius yenyewe itadondoka, ilipata uhuru 1968. Usijaribu kuzijazia kwa alama ya mtawala wa kikoloni, ndiyo kosa lilelile la kuazima namba. Eleza kwenye jedwali zipi zimetoka na kwa nini, kisha rudia makadirio ukitumia alama ya kwanza baada ya uhuru uone kama picha inabadilika. Mauritius iandikie kurasa mbili peke yake kama kisa, maandishi ya sheria ya 1970 yapo na yanasomeka. Na weka idadi ya watu kwenye regresheni ya kwanza kabla hujalala leo.